Bunduki nimeuziwa mpya, mbona mtutu una masizi?

Mjomba shikamoo.

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, nivumilie maana naandika kwa simu na mambo ni mengi. Naishi Tabora mjini hapa Isevya lakini shughuli zangu ziko Uyui, nina ng'ombe kama sitini na msimu wa tumbaku ukifika nauza pembejeo. Mwaka juzi natoka mnadani jioni na pikipiki nikakuta gogo katikati ya njia, kusimama tu jamaa wanne hao, wakabeba milioni na laki nne, simu zote mbili, na panga wakanipitishia begani, mpaka leo mkono wa kushoto haupandi vizuri. Tangu hapo nikasema lazima niombe silaha, tena kihalali, sio haya magobole ya kuokotezana.

Njia ya kuomba we unaijua, mwenyekiti wa mtaa, kata, alama za vidole, OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), ikapanda wilaya ikapanda mkoa, mara kikao kimeahirishwa mara mjumbe yuko safari, mwaka ukaisha na miezi juu. Kibali kilipotoka nikapanda treni mpaka Dar, nikaingia duka moja la silaha (jina nalihifadhi) nikachagua shotgani ya geji 12 imetengenezwa Italia, mitutu miwili, mmoja juu mwingine chini. Ile niliyoshika pale kaunta wakaniambia hii ni ya maonyesho tu bosi, ya kwako itatoka stoo, mpya, ndani ya boksi lake. Milioni tatu na laki sita, nikalipa yote, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo. Wakasema mambo ya usafiri na vibali watamalizana wao na polisi, mi niende zangu nikasubiri simu.

Wiki tatu walizosema zikawa tisa. Siku nimeitwa kituoni nikaikuta imefika, askari akasoma namba ya kwenye boksi, akaangalia makaratasi, nikasaini, nikaondoka nayo. Furaha yote ikaishia sebuleni. Kwanza boksi lilikuwa na selotepu mbili, ya chini imekatwa kwa wembe ya juu ndo mpya. Nikafungua, ikanipiga harufu ya baruti, Mjomba, harufu kabisa kama ya fataki za mwaka mpya. Jirani yangu ni mzee mstaafu wa jeshi nikamwita, akachukua kitambaa cheupe akakipitisha mtutuni kwa kijiti, kikaingia cheupe kikatoka kama nimefutia sufuria la ugali wa msibani. Mtutu wa juu ulikuwa mchafu zaidi ya wa chini. Kwenye kitako kuna mkwaruzo kama umesuguana na ukuta. Mzee akanirudishia akasema "kijana, hii imeshapiga, tena sio mara moja," akaaga akaenda kwake, hata chai hakumaliza.

Nikapiga simu dukani. Siku ya kwanza wakanijibu "kiwandani huwa zinajaribiwa bosi, ondoa shaka." Siku ya pili wakasema "sasa we ulitaka isipigwe utajuaje kama inalia?" Siku ya tatu meseji inaonyesha imesomwa, jibu hakuna. (Halafu namba ya kwenye boksi na ya kwenye bunduki zimetofautiana tarakimu mbili za mwisho, nadhani walikosea kuandika.)

Mama watoto ndo kabisa, anasema kama hicho kitu kimetoa roho ya mtu huko kilikotoka basi damu yake itatufuata humu ndani, na mi usiku silali nawaza je kama ilifanyiwa ujambazi halafu sasa hivi iko kwa jina langu? Ushauri niliopata mtaani ni wa aina tatu. Mmoja kasema nioshe na dizeli na steliwaya mpaka ing'ae nisahau, niende Uyui nikaijaribu kwa fisi wanaosumbua zizi. Mwingine kasema niibebe kwenye begi nipande basi la usiku nikawatupie mezani kwao. Na shemeji yangu wa Nzega yeye anaitaka hivyohivyo kwa milioni tatu, tuandikishane tu. Nifanye lipi Mjomba? Nakuomba usichelewe.

Mwenye Mashaka, Isevya.

*

Marahaba mpwa, na pole ya bega.

Usifanye hata moja kati ya hayo matatu. Hilo shika kwanza, mengine tutayapanga taratibu.

Mimi kabla ya kushika hii safu nimefanya kazi ya uaskari wa wanyamapori miaka mingi upande wa Ugalla, na katika hiyo miaka kuna kipindi ghala la silaha lilikuwa chini yangu, funguo kiunoni, daftari mkononi. Nimepokea bunduki mpya kutoka kwenye maboksi, nimepokea kuukuu zinazodaiwa mpya, nimepokea na za wageni wa uwindaji zilizokuwa zinang'aa kuliko viatu vyangu vya harusi. Kwahiyo barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikacheka (hapo kwenye sufuria la msiba), mara ya pili nikaacha kucheka nilipofika kwenye mabano.

Maana mpwa wangu umeandika aya nzima juu ya masizi, selotepu na harufu, halafu jambo lenyewe ukalifungia kwenye mabano kama mtu anayemficha mgeni asiyemtaka. Namba haifanani! Masizi yana maelezo kumi, mengine ya heri kabisa. Namba kutofanana maelezo yake ni machache na mengi hayapendezi.

Lakini wacha nianze na masizi maana ndo yanakunyima usingizi.

Duka hawakukudanganya kusema bunduki hupigwa kiwandani, hilo ni kweli tupu. Hakuna bunduki ya Italia inayoingia sokoni ikiwa bikira. Kule wana sheria, silaha ikishaungwa inapelekwa nyumba ya majaribio, inapigwa risasi zilizoshindiliwa kupita kawaida, presha inazidi ya risasi ya dukani kama kwa robo hivi, na ikivumilia bila kupasuka wala kutanuka inagongwa mihuri midogomidogo kwenye chuma. Waingereza wana nyumba kama hiyo Birmingham tangu 1813, na ya hiyo yako ya Italia iko Gardone Val Trompia, bonde ambalo watu wake wanafua mitutu tangu enzi za mababu zao. Kwahiyo ukiona vimuhuri vidogo chini ya mtutu, vingine vina taji, vingine nyota, ujue hiyo imeshalia huko kabla yako na ni jambo la kushukuru, sio la kulalamika. Hata bastola, zile Glock za Austria mara nyingi zinakuja na kibahasha chenye maganda mawili yaliyokwishapigwa, na gresi ya rangi ya shaba kwenye reli zake, na mtu asiyejua akifungua anapiga kelele nimeuziwa ya jambazi. Sio ya jambazi, ni kiwanda.

Sasa tatizo la jibu lao ni kwamba ni kweli ambayo haikujibu swali lako. Kiwandani wakishajaribu wanapangusa, wanapaka mafuta ya kuzuia kutu, wanafunga. Hapo mpaka ifike kwako imepanda meli, imekaa bandarini, imekaa stoo, miezi. Harufu ya baruti haiwezi safari hiyo, inakufa njiani, unayonusa baada ya miezi ni mafuta tu. Wewe umenusa fataki za mwaka mpya. Na kitambaa, hapa sikiliza vizuri, kitambaa kutoka kichafu peke yake hakitoshi, maana mafuta ya kiwandani yakikaa yanakuwa ya kahawia iliyoiva na yakichanganyika na vumbi la chuma yanatoka meusi. Ila meusi ya mafuta yanateleza ukiyafikicha kwa vidole, ya masizi yana unga na yanakwama kwenye mistari ya kidole. Na shotgani ikipiga risasi za kisasa inaacha michirizi ya plastiki ndani ya mtutu, kile kikombe cha plastiki kinachobeba goroli kinajisugua ukutani kwa moto, ukimulika unaona kama njia ya konokono. Mtutu wa juu kuwa mchafu kuliko wa chini nako kunanong'ona kitu, mtu anayejaribu kiwandani anapiga yote miwili sawasawa, lakini mtu anayejifurahisha anapiga wowote unaomjia.

Kuna kipimo kingine ambacho nilifundishwa na mwindaji mmoja mzungu wa Ugalla, mzee mkali kama pilipili. Ile bunduki yako inafunguka kwa kawenzo ka juu, kanasukumwa na kidole gumba. Ikiwa mpya kabisa na imefungwa, hako kawenzo kanakaa kidogo upande wa kulia, hakafiki katikati, na kufungua ni kugumu mpaka unahisi umekosea kitu. Kadiri inavyotumika kanasogea, kanafika katikati, zikishapita risasi maelfu kanaenda kushoto. Ukikuta ya kwako iko katikati au inafunguka laini kama mlango wa friji, hiyo sio ya boksi. Halafu tazama ule uso wa chuma ambao makalio ya risasi yanaegemea, kuna tundu mbili za pini. Duara la kufifia kuzunguka tundu ni dalili, ila usiandike hukumu kwa duara, hata majaribio ya kiwandani yanaacha duara jepesi.

Kabla hujatazama chochote risasi zote zitoke kwenye hicho chumba, sio zisogezwe, zitoke, watoto nao watoke. Fungua, ingiza kidole kwenye chemba zote mbili uhakikishe ni tupu, jicho linaweza kudanganywa na kivuli. Na mtutu unautazama ukiwa umevuliwa, kutokea upande wa nyuma, taa au karatasi nyeupe upande wa pili. Nimeshaona mtu mzima mwenye nyota mabegani anachungulia mdomo wa bunduki iliyoungwa kama anachungulia chupa ya soda. Sitaki kuisimulia ilivyoendelea.

Haya, hayo yote tuseme yamethibitika, imepigwa baada ya kutoka kiwandani. Bado hujafika kwenye ujambazi mpwa. Uwezekano ambao mimi ningeuwekea hela yangu ya pensheni ni mwepesi zaidi na wa aibu zaidi, kwamba stoo mzigo uliisha, wakachukua ile ile uliyoishika kaunta, ile ya maonyesho, ambayo wateja na wenyewe dukani wameshaenda nayo kwenye uwanja wa shabaha mara kadhaa, wakaitia kwenye boksi la nyingine iliyouzwa, wakapiga selotepu mpya juu ya selotepu iliyokatwa. Ule mkwaruzo wa kitako unafanana sana na bunduki inayoegemezwa ukutani kila siku. Au kuna mteja aliirudisha. Sisemi ndivyo ilivyokuwa, sikuwepo, nasema tarakimu mbili za mwisho kutofautiana kunaelekea huko, kwasababu mzigo ukiingia kwa mfululizo namba zinafuatana, 38 na 41 zinakuwa ndugu wa kontena moja. (Ndo maana sikubaliani na wewe kwamba walikosea kuandika, ile karatasi ya boksini inachapwa kiwandani, haandiki mtu kwa peni.)

Na kuuziwa kuukuu kwa bei ya mpya sio jambo geni kwetu Tabora, tusijifanye limetuanza jana. Karne ya kumi na tisa majeshi ya Ulaya yalipobadilisha bunduki, yale makuukuu yao yalishushwa Zanzibar kwa makumi ya maelfu yakapanda na misafara mpaka Unyanyembe, yaani hapahapa Tabora, wakayabadilisha na pembe za ndovu. Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi alipigana na Waarabu wa hapa mwaka 1871 kwa silaha za namna hiyo hiyo, pande zote mbili. Tofauti ni kwamba Mirambo hakupewa risiti ya EFD, wewe unayo.

Turudi kwenye namba, na hapa ndo nataka uache kusoma kwa haraka.

Kuna namba ya boksi na namba ya bunduki, hizo umenitajia. Hujanitajia ya tatu, iliyoandikwa kwenye leseni yako. Umesema askari alisoma namba ya kwenye boksi. Basi swali ni leseni imefuata ipi. Kama leseni ina namba ya bunduki yenyewe, ile iliyochimbwa kwenye chuma, basi uko salama kisheria na ugomvi wako ni wa kibiashara, wewe na duka, boksi limebadilishwa. Lakini kama leseni imefuata boksi, mpwa wangu, basi hapo nyumbani una silaha ambayo wewe sio mmiliki wake kwa makaratasi, na ile ambayo ni ya kwako kwa makaratasi iko mikononi mwa mtu mwingine ambaye hata humjui. Chochote atakachokifanya na ile, daftari linasoma jina lako. Hiyo ndo hofu ya kukunyima usingizi, sio damu.

Soma sehemu tatu: kwenye mwili wa bunduki pale penye kifyatulio, kwenye mtutu kwa chini ukishauvua, na kwenye chuma cha kibao cha mbele. Sio kila bunduki inayo zote, lakini zilizopo lazima zielewane. Kama mtutu una namba nyingine na mwili nyingine basi imeunganishwa kutoka mbili. Angalia pia kama chuma kimekwanguliwa au kusagwa mahali pa namba, panakuwa na bonde dogo na rangi tofauti. Pembeni ya mihuri ya Italia kuna kijisanduku chenye herufi mbili, huo ndo mwaka wa majaribio umeandikwa kwa mafumbo yao, mtunza silaha yeyote mwenye jedwali atakusomea, na ikiwa zinasema ilijaribiwa miaka mingi nyuma utauliza ilikuwa wapi. Na yale makubaliano ya Nairobi ya 2004 ambayo Tanzania ilisaini yanataka silaha igongwe alama ya nchi na mwaka ilipoingizwa. Kama alama hiyo ipo kwako, isome. Piga picha za vyote hivyo, boksi, selotepu zote mbili usizibandue, kitambaa cha yule mzee kiweke kwenye mfuko wa nailoni. Picha zikae kwenye simu yako. Usizitupe kwenye magrupu ya WhatsApp, unawaonyesha watu una nini ndani na umeiweka wapi, na wale wanne wa kwenye gogo nao wana simu, tena pengine ni ya kwako.

Umeona sasa kwanini nakukataza dizeli na steliwaya? Huo uchafu ndo shahidi wako. Ukisugua umemuua shahidi kwa mkono wako halafu unaenda kulalamika. Kwa nje pangusa jasho la mikono na kitambaa kikavu chenye mafuta kidogo, ndani usiguse. Wiki mbili tatu hizi za masizi haziwezi kuula mtutu, risasi za siku hizi sio zile za zamani zilizokuwa zinaacha chumvi ya kutafuna chuma kwa usiku mmoja.

Fisi nao uwaache. Kisheria ukinunua kitu ukakuta sicho, una haki ya kukikataa, ile Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo, na "mpya" ni maelezo. Lakini ukishaanza kukitumia kama chako, ukampiga fisi risasi moja tu, duka litasema aliipokea, aliipenda, akaitumia, na masizi ni ya kwake. Utajitetea na nini?

Basi la usiku na begi, hapana. Kurudisha silaha sio kurudisha suruali iliyokubana. Ikitoka kwako kwenda dukani ni uhamisho, unaandikwa, unaruhusiwa, na polisi wanajua imepita wapi. Na shemeji wa Nzega ndo kabisa, kuandikishana kwenye karatasi ya daftari na shahidi balozi hakuhamishi umiliki wa silaha, chini ya ile sheria ya 2015 ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mtajikuta wote wawili mmesimama kizimbani, wewe kwa kutoa yeye kwa kupokea, na dada yako au dada yake huko anapika chakula cha mahabusu. Mwambie ukweli kwa upole, akinuna anune.

Sasa cha kufanya. Kesho asubuhi nenda kituoni, mikono mitupu, bunduki iache imefungiwa. Usiende kaunta kusimulia, nenda na barua. Andika fupi, kwa OCD, kwamba wewe ni mmiliki wa leseni namba fulani, ulikabidhiwa silaha tarehe fulani kutoka duka fulani, baada ya kufungua umekuta namba ya kwenye boksi ni hii na ya kwenye silaha ni hii, pia umekuta dalili kwamba imetumika, hujaifyatua wala kuisafisha, unaomba ikaguliwe na mtaalamu na kumbukumbu zilinganishwe kwa Msajili wa Silaha. Ambatanisha kopi ya risiti na picha. Toa nakala mbili, moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hiyo usiiachie hata kwa soda. Wakikwambia lete silaha, uliza iletwe vipi, na wao wakipenda waje kuichukua wenyewe. Ukiikabidhi dai hati ya makabidhiano yenye namba ya kwenye chuma, sio ya boksi, tumeshajifunza.

Kuhusu ile hofu ya kwamba iliua mtu: shotgani ndani ya mtutu haina ile mistari ya kuzunguka kama raifo, kwahiyo goroli haziwezi kusema zimetoka bunduki ipi. Ganda ndo linasema. Pini inapogonga fataki, kale kakikombe ka shaba kwenye makalio ya risasi, inaacha alama yake, na wataalamu wa maabara ya polisi wanaweza kulinganisha ganda lililookotwa mahali na ganda jipya lililopigwa na hiyo bunduki. Kazi ni ya kulinganisha moja na moja, usidhani kuna kompyuta ya miujiza, jimbo la Maryland kule Marekani lilikusanya maganda ya bastola mpya zote kuanzia 2000 likiwa na ndoto hiyo, 2015 likaacha. Ila barua yako yenye muhuri inafanya kazi ambayo maabara haiwezi, inaonyesha tarehe ambayo silaha iliingia mikononi mwako na kwamba wewe ndo uliyeuliza kwanza. Mtu aliyeficha anaonekana amejua. Wewe uliyepeleka barua unalala usingizi wako.

Nakala ya hiyo barua itume dukani siku hiyohiyo kwa njia yenye ushahidi, na uwape siku, mfano kumi na nne, waseme wanabadilisha, wanarudisha hela, au wanapunguza bei. Mimi ningekubali kupunguziwa kama tu namba zote zimenyooka na mtaalamu kasema chuma ni kizima, maana bunduki ya maonyesho iliyopiga risasi hamsini bado ni kijana kabisa, hizi zinaishi kuliko wenye nazo. Kama namba hazijanyooka usikubali hata wakirudishia nusu. Wakikaa kimya kuna Tume ya Ushindani, kumwambia mnunuzi kitu ni kipya na sicho ni kosa kwenye sheria yao ya 2003, na kuna mahakama. Kibali cha duka la silaha hakipatikani kirahisi kama cha duka la vocha, wakiona muhuri wa OCD kwenye nakala yako nina hakika ile meseji itajibiwa.

Mama watoto usimbishie. Yeye kasema damu, wewe ukasikia ushirikina, mimi nimesikia mwanamke anayeambiwa alale na kitu ambacho mume wake mwenyewe hajui kimetoka wapi. Mwonyeshe ile kopi yenye muhuri. Na kama hiyo bunduki iko chini ya kitanda, maana hukusema iko wapi na wasiosema huwa iko chini ya kitanda, tafuta kabati la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani, risasi zikae kwingine na ufunguo wake mwingine.

Ukishazisoma zile namba niandikie kama zimekubaliana au zimekataana. Namba zenyewe usinitumie.

Mjomba